Paswadi ya Bi Umulkheir

Alhamisi saa mbili asubuhi, Hadil wa Shela alipanda ngazi za kituo cha polisi Amu, mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya tumbo la miezi saba, akaja kushitaki kwamba amekufa.

Inspekta Jeruto alimvutia kiti kilicho karibu na dirisha, kile chenye mto. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kisiwani tangu atoke bara, na katika miaka hiyo alikwishapokea mashitaka ya punda walioibwa, mipaka iliyosogezwa na wachumba waliotoroka. La marehemu kuja kwa miguu yake hakuwa amelipata bado.

"Nani amekwambia umekufa, Bi Hadil?"

"Mashine. Yana, Jumatano, nalikwenda hospitali kupimwa. Nesi akaingiza namba ya kadi yangu ya bima, ikamwambia mwenye kadi alifariki Jumanne. Nesi mwenyewe alishika kifua."

"Akakurudisha?"

"Hakunirudisha, Mola amlipe. Alinipima, akaniandika kwenye daftari kwa kalamu. Lakini alinambia, siku ya kujifungua nikihitaji kupasuliwa, mashine haitamkubali maiti." Aliusogeza mto mgongoni. "Mume wangu Ghassan amecheka. Mimi sijacheka."

"Hata mimi sicheki," alisema Jeruto, akachukua kalamu.

Kabla hajamaliza kuandika, mlango ulifunguliwa na mwanamume mwenye begi la kompyuta begani na jasho shingoni. Alijitambulisha kuwa Jabez, mkaguzi kutoka makao ya Idara ya Kumbukumbu za Raia, aliyeteremka na ndege ya asubuhi. Alimtazama Hadil, akalitazama tumbo, akainama kidogo kama mtu anayetoa pole kwa wafiwa.

"Madam, hii kesi haina kazi," alimwambia Jeruto walipobaki wawili. "Kifo kiliingizwa Jumanne kabla ya saa sita mchana, kwa akaunti ya Umulkheir, mkuu wa ofisi yetu hapa. Akaunti yenye idhini ya kuua mtu kwenye mfumo ni yake peke yake. Mimi sikuja kumtafuta mkosaji. Nimekuja kumchukua. Ndege ya kurudi ni saa tisa."

"Na kumfufua Hadil?"

"Hiyo ina fomu. Inatiwa sahihi na watu watatu."

"Kuua ni dakika moja, kufufua ni sahihi tatu?"

Jabez alifungua begi. Alitoa karatasi moja iliyokunjwa kwa uangalifu, yenye maandishi mazuri ya mkono, kila herufi imekaa mahali pake. Ilikuwa nakala ya ripoti ya karani aitwaye Bakr, iliyopigwa picha na kutumwa makao Jumatano saa nne. Ilieleza kwamba Jumanne asubuhi Bi Aaliya wa Langoni, mke mkubwa wa Ghassan, alifika ofisini akasema mbele za watu, "Kwangu mimi Hadil ashakufa." Ikaeleza pia kwamba Bi Aaliya na Bi Umulkheir ni marafiki wa tangu chuoni.

"Wivu wa uke wenza," alisema Jabez. "Rafiki amemfanyia rafiki hisani. Akifika makao atafunguliwa mashitaka, na kazi imekwisha."

Jeruto aliisoma ripoti mara mbili. Aliitazama saa ya ukutani. Saa tatu kasorobo.

"Una mpaka saa tisa, Bwana Jabez. Nami pia ninazo saa hizo hizo. Twende."

*

Ofisi ya Kumbukumbu ilikuwa nyumba ya zamani nyuma ya barabara ya pwani, yenye kibaraza cha mawe mbele na chumba kimoja kirefu ndani. Barazani watu sita walikuwa wamekaa na bahasha zao. Ndani palikuwa na meza tatu na kompyuta moja tu inayofanya kazi, nayo ilikuwa mezani kwa Umulkheir.

Alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi. Hata hivyo alipowaona alisimama, akamwambia msichana wa ofisi awaletee wageni maji. Msichana huyo, Shukri, alikuwa ameajiriwa miezi mitano iliyopita. Kwenye meza ya pembeni alikaa mwanamume wa makamo, kanzu nyeupe, kofia safi, ndevu zimekatwa kwa mkasi wa mtu asiye na haraka. Huyo alikuwa Bakr. Alisimama naye, akatoa salamu ndefu na nzuri.

"Bi Umulkheir," alisema Jeruto, "nani anaijua paswadi yako?"

Umulkheir alitazama sakafu. "Wa humu ofisini."

"Wote?"

"Wote. Na Fanuel, fundi wa mitambo."

Jabez alicheka kwa pua. Jeruto alimwinulia mkono. "Kwa nini uliwapa?"

"Kwa sababu ya maji, Bi Inspekta." Umulkheir alionyesha barazani. "Watu wa Siyu wakija kwa boti, wanakuja na maji ya kujaa na wanaondoka kabla hayajapwa. Mkondo ukikauka, boti hailali juu ya matope ikamngoja mtu apate cheti. Mimi nikiwa msalani, au nimekwenda kwa mkuu wa wilaya, mtu akose karatasi yake alale mjini bila jamaa? Nilisema basi, yeyote aliyepo aidhinishe. Hakuna mtu wa Siyu aliyelala mjini kwa sababu yangu, mwaka wa pili huu."

"Umeiandika mahali?"

Umulkheir alinyanyua kalenda ya ukutani. Nyuma yake palikuwa na kipande cha boksi kilichobandikwa kwa gundi, na juu yake kwa wino mzito: Mashallah9.

Wakati huo muuza kahawa, mzee Abdulqadir, alikuwa amesimama mlangoni na buli lake na vikombe. Alichungulia. "Hiyo ya tisa bado? Mimi niliikuta ya nne."

Jabez aligeuka kwa kishindo. "Wewe pia unajua?"

"Nani asiyejua, bwana? Kila miezi mitatu mashine humwambia abadilishe, naye huongeza moya. Ya nne, ya tano, ya sita. Alichagua neno hilo kuikinga ofisi na mato ya wenye husuda." Alimimina kahawa, akampa Jeruto kikombe bila kuombwa. "Kunywa, Bi Inspekta. Una uso wa mtu asiyekula."

"Hiyo ya tisa ni ya zamani," Umulkheir alisema kwa sauti ndogo. "Mashine ilitaka mpya Jumatatu alasiri. Niliweka ya kumi. Fanuel alikuwepo akitengeneza waya, na Shukri. Niliwaambia papo hapo. Kwenye boksi sijaandika, kalamu ya wino mzito ilikauka."

"Na Bwana Bakr?"

"Bwana Bakr alikuwa Siyu, amefiwa na shemeji yake. Alirudi Jumanne asubuhi." Alimgeukia Bakr kwa aibu. "Nilisahau kumwambia. Watu walijaa asubuhi ile."

"Si neno," alisema Bakr akitabasamu. "Mimi tangu nirudi kutoka Siyu sijaigusa hiyo mashine. Sina haja nayo. Mimi mtu wa madaftari."

Jeruto aliliandika jibu hilo kama lilivyotamkwa, akauliza kila mmoja alikuwa wapi Jumanne kabla ya saa sita. Fanuel alikuwa ameondoka na boti ya alfajiri kwenda Mkokoni kufunga mitambo ya sola, na chifu wa huko, alipopigiwa simu, alithibitisha. Umulkheir alisema alimshika mkono bibi mmoja wa Siyu mpaka gatini na kungoja naye boti, kwa kuwa bibi macho hayaoni vizuri. Shukri alikuwa akienda na kurudi duka la fotokopi, kwa kuwa fotokopi ya ofisi ni mbovu. Bakr alikuwa stoo, akitafuta daftari la zamani.

"Peke yako?"

"Na mende, Bi Inspekta."

Watu wa barazani walicheka. Bakr akacheka nao, ila kicheko chake kilikatika mapema, maana mzee mmoja wa pale alipitisha kichwa mlangoni akamwuliza Umulkheir, si yeye, kama ofisi imefunguliwa.

*

Bi Aaliya alikuwa Langoni, ameketi kwenye mkeka, akidarizi kofia. Hakuiacha sindano Jeruto alipoingia. Alimsogezea sahani ya vileja kwa mguu.

"Umekuya kuniuliza kama nimemuua mke mwenzangu."

"Nimekuja kuuliza ulisema nini ofisini Jumanne."

"Nalisema kwangu mimi ashakufa. Nimesema hivyo sokoni, nimesema arusini, nimemwambia Ghassan mwenyewe akiwa na tonge mdomoni. Mwezi wa nane huu nasema. Mwanamke ananunuliwa friji mpya, mimi friji yangu inanguruma kama punda!" Alikata uzi kwa meno. "Lakini nimuue kwenye karatasi? Ili iwe nini? Mtu aliyekufa kwenye karatasi bado anakula, bado analala kwa zamu yake. Na Ghassan akishaandikwa mjane, si ataoa mwingine? Mimi mke mwenza mmoja ananitosha."

Jeruto alijikuta anauma kileja ili asicheke. "Ulikwenda kufanya nini?"

"Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu wa mwisho. Nalifika saa tano. Umulkheir hayuko, amekwenda gatini na bibi wa Siyu. Nalikaa kumngoja."

"Bwana Bakr alikuwepo?"

"Alikuwa kwenye kiti chake. Akanambia, 'Leta nikuhudumie, Bi Aaliya.' Nikamwambia nitamngoja Umulkheir."

"Kwa nini?"

Aaliya aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Bakr ni mtu safi, simsemi vibaya. Lakini ukikosea herufi anakutazama mpaka unajiona hukusoma. Umulkheir anakuandikia, halafu anakuuliza mama yako amepona. Tulikuwa watano pale barazani, wote twamngoja yeye. Bakr akatoka mlangoni, akasema, 'Nami pia ni karani, jamani. Mimi ndiye niliyemfundisha huyo kuwasha kompyuta.' Mama mmoja akamjibu, 'Basi ulimfundisha vizuri, mwanangu.' Tukacheka."

"Naye?"

"Alicheka pia." Sindano ilisimama. "Tena akarudi ndani, ndipo mimi nikaanza habari za Hadil na friji."

"Alisikia?"

"Mtaa mzima ulisikia."

"Kuna mtu aliingia ndani baada ya hapo?"

"Yule msichana wa karatasi, aingia atoka kama kuku atafutaye pa kutaga. Mwingine hapana. Umulkheir hakurudi mpaka adhana ya adhuhuri, na hapo nalikuwa nishainuka."

Jeruto alishukuru. Mlangoni aligeuka. "Ungeyasema hayo mbele ya mkaguzi?"

"Nitasema. Lakini mimi ndiye muuaji, mwanangu. Nani atamwamini muuaji akimtetea rafiki yake?"

*

Ilikuwa saa saba na nusu Jabez alipokubali kuitafuta kumbukumbu ya mashine yenyewe, ile inayoonyesha nani aliingia na saa ngapi. Mtandao ulikuwa mzito. Ilimbidi apige simu makao ili mwenzake amfungulie huko. Alisimama kwenye ujia wa nje, kidole sikioni, akipiga kelele.

"Andika! Jabez, herufi kubwa mwanzo! Halafu mwaka niliozaliwa! Hapana, sabini na nane! Sabini na nane!"

Punda aliyekuwa amelala ujiani aliinua sikio. Mzee Abdulqadir, aliyekuwa akisuuza vikombe, alimtazama Jeruto. Jeruto naye akamtazama Jabez, na Jabez, alipogeuka na kuwaona, aliishusha simu taratibu.

"Ni dharura," alisema.

"Naam," alisema mzee. "Umri wako umekuficha, bwana. Huonekani wa sabini na nane."

Karatasi ilipotoka kwenye printa ya duka la fotokopi, ilikuwa na mistari michache. Jumanne, kompyuta ya ofisi ya Amu. Saa sita kasoro dakika nane, akaunti ya Umulkheir: paswadi imekataliwa. Dakika ile ile, sekunde arubaini baadaye: paswadi imekubaliwa. Dakika sita mbele: kifo cha Hadil kimeidhinishwa. Dakika moja tena: ametoka kwenye akaunti.

"Sawa na nilivyosema," alisema Jabez. "Akaunti yake, mashine yake. Na kutoka gatini hadi hapa ni dakika tatu. Angeweza kurudi kwa mlango wa nyuma."

"Hiyo iliyokataliwa mara ya kwanza ni nini?"

"Kidole kimeteleza. Watu hukosea."

"Asubuhi ile paswadi hiyo iliingizwa mara ngapi?"

Jabez alihesabu kwa kidole. "Saa mbili, saa tatu, saa nne mara mbili. Zote zimekubaliwa."

Jeruto alikaa kwenye kizingiti cha duka, karatasi magotini. Mtu aliyeijua ile ya kumi angeandika ya kumi. Mtu aliyeijua ile ya tisa angeandika ya tisa, akakataliwa, akasimama kidogo, akakumbuka tabia ya Umulkheir ya kuongeza moja. Sekunde arubaini zatosha kukumbuka. Zatosha pia kuuma meno.

Lakini dhana haimzuii mtu kupanda ndege. Saa nane ilikuwa inakaribia, na kutoka Amu mpaka uwanja wa Manda kuna boti ya kuvuka na kungoja.

"Akaunti hiyo bado inafunguka?" aliuliza.

"Makao waliifunga jana saa kumi. Hakuna anayeweza kuingia, hata akiwa na paswadi sahihi."

"Na ile ya kumi, imeandikwa mahali popote?"

"Umemsikia mwenyewe. Kalamu ilikauka."

Jeruto alisimama. "Niazime karatasi tatu tupu, Bwana Jabez. Na unyamaze kidogo."

*

Aliwaweka mbalimbali. Shukri alikaa barazani, Abdulqadir alisimama mlangoni, Bakr mezani kwake. Umulkheir aliombwa akae stoo, na mkoba wake wa safari, ambao alikwisha kuufunga tangu asubuhi, ulikuwa miguuni pake.

"Ni jambo dogo la utaratibu," Jeruto aliwaambia. "Kila mmoja aandike paswadi ya Bi Umulkheir kama anavyoijua. Makao wanataka kujua imefika wapi. Mkaguzi amekasirika kwamba watu wote wa mjini wanaijua."

Shukri aliandika haraka, akakunja. Mzee Abdulqadir aliandika kwa herufi kubwa kama za mtoto, akauliza kama kuna zawadi.

Bakr alikamata kalamu yake ya wino. Aliangalia karatasi ya mzee, aliyekuwa akiikunja kwa majivuno. Akamtazama Shukri barazani, msichana wa miezi mitano. Kisha akaandika, akapuliza wino, akamkabidhi Jeruto kwa mkono wa kulia.

Jeruto alizifungua juu ya meza ya Bakr, mbele ya Jabez. Ya Shukri: Mashallah10. Ya mzee: Mashallah9. Ya tatu ilikuwa na maandishi mazuri, kila herufi mahali pake: Mashallah10.

"Bwana Bakr, nani alikwambia ni ya kumi?"

"Bi Umulkheir."

"Lini?"

"Jumanne. Au Jumatano."

"Asubuhi hii amesema mbele yako kwamba alisahau kukwambia. Ulisema si neno."

"Basi Shukri."

"Mimi?" Shukri alisema kutoka barazani. "Mimi nikupe paswadi wewe, Bwana Bakr? Naogopa hata kukuomba kalamu!"

Barazani pakaguna. Bakr alinyoosha mgongo. "Basi nimeisikia asubuhi hii hii. Yeye mwenyewe ametaja ya kumi, sote tukasikia."

"Kweli," alisema Jeruto. "Mzee Abdulqadir pia alisikia, alikuwa na buli mkononi. Lakini nilipouliza anavyoijua yeye, ameandika ile aliyonayo, ya tisa. Wewe ulikuwa na haki ya kuandika ya tisa kuliko sisi sote. Ungeandika hiyo, nisingekuwa na la kumwambia mkaguzi. Ungesema hukuambiwa, na ingekuwa kweli." Aliweka karatasi ya mashine kando ya ile ya wino. "Mtu aliyeingia Jumanne naye hakuambiwa. Alijaribu ya tisa akakataliwa, ndipo akaongeza moja. Stoo kuna mende, Bwana Bakr, ila hakuna daftari. Asubuhi nimeingia kulitafuta. Madaftari ya zamani yalihamishwa mwaka uliopita."

Bakr hakutazama karatasi. Alikuwa akimtazama msichana barazani.

"Walimwambia huyu," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na Kiamu chake kikatoka bila kupambwa. "Wamemwambia mtoto wa yuzi, miezi mitano tu. Wamemwambia mtu wa nyaya. Muuza kahawa ana yake. Mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye kiti hiki, na nimekaa mbele ya mashine ile ikanambia siyo. Kama mgeni. Nje wanacheka, wanamngoja yeye." Alivuta pumzi. "Sikutaka mtu afe. Yule Hadil simjui. Jina lilikuwa lapita dirishani, nikalitwaa."

"Ulitaka nini?"

"Nalitaka watu wamwulize yeye swali asilo na jibu lake. Siku moya tu."

Jabez alikwishaitoa simu. Alizungumza na makao kwa muda, safari hii kwa kunong'ona. Alipomaliza alimwambia Umulkheir, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa stoo, kwamba haendi popote leo. Ataandikiwa barua kwa kutoa paswadi, na ataijibu. Na fomu ya kumfufua Hadil ataijaza yeye Jabez kabla ya kupanda boti, sahihi ya kwanza iwe yake.

"Nitaijibu," alisema Umulkheir. "Kosa ni langu, sitalikataa."

Konstebo alikuja. Bakr alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakutiwa pingu, Jeruto hakuona haja. Walipofika kizingitini, watu wa barazani walisogeza miguu ili apite.

Umulkheir alivuta mtoto wa meza ya Bakr, akatoa paketi ndogo, akamfuata nje.

"Dawa zako za presha, Bwana Bakr. Ya asubuhi hukumeza. Nimekuona."

Bakr alisimama. Aliwatazama wale sita wa barazani, mmoja mmoja, na wao walikuwa wakimtazama Umulkheir, kwa uso ule ule wa siku zote.

"Hata hapa," alisema. "Hata hapa lazima uwe wewe."

Kisha akazipokea, akatoa kidonge kimoja, akakimeza bila maji.